Vistari Vilivyolala Kinyume

Haya ninayowasimulia hapa kwenye kibanda cha chai ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata chembe, ulimi ukauke.

Fundi wa kompyuta wa zahanati ameinamia skrini, meneja amemsimamia mgongoni. Kila akigusa msimamizi wa vifurushi, ile programu inayoleta na kuondoa programu nyingine, maonyo yanamwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka: kistari hiki cha kinyume (\) hakina kazi, na hiki, na hiki.

"Mashine inaumwa," meneja akasema. "Nikiyaona tena jioni, kazi naipa kampuni."

"Haiumwi, bosi. Inanung'unika tu. Kitafutaji kipya cha majina hakipendi ruwaza za zamani, ile mifano ya maandishi kinayopewa kuisaka."

"Hata mke wangu huanza hivyohivyo. Inyamazishe."

Fundi ana mvi, na mama yake yuko kitandani. Nani mwingine angemwajiri? Akavisaka vistari ndani ya ruwaza, kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Vingi kweli vilikuwa vya bure. Lakini havikuisha, na meneja alikuwa akikohoa mlangoni. Akavifuta vyote kwa mpigo.

Kimya. Skrini safi kama sahani iliyorambwa. Meneja akampiga begani, akaenda zake.

Ila kistari kimoja kilikuwa na kazi. Jina la programu ya masjala lilikuwa na alama ya kujumlisha, na bila kistari mbele yake, kitafutaji kiliisoma alama kama amri, kisilitambue tena jina hilo miongoni mwa programu zilizoorodheshwa zisiguswe. Msimamizi wa vifurushi akadhani ni taka, akaifagia. Aliyeitunga programu ile alishakufa. Nakala haikuwepo popote. Mafaili ya wagonjwa yakabaki, hakuna cha kuyafungulia.

Muuguzi akachungulia. "Kaka, masjala haifunguki. Foleni imefika getini."

Hapo, haki ya nani, mashine ikatoa moshi wa bluu, taa zote zikazimika, meneja akaruka dirishani...

"Moshi gani, babu?"

Nikageuka. Muuguzi mwenyewe, na fundi nyuma yake.

"Nilikuwepo. Hapakuwa na moshi wala mruko. Fundi aliambiwa kazi imekwisha, arudishe funguo, akarudisha. Akaendelea kukaa mbele ya skrini."

"Mpaka saa ngapi?" nikauliza.

"Mpaka nikamshika mkono. Lipa chai, muongo wewe."

Nikalipia kibanda kizima. Fundi alipokea kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa. Kidole chake kilikuwa kikigonga ukingo wa kikombe, polepole, kila mara mahali palepale, kama anayebonyeza kitufe kimoja.