Ulimi wa Kantini

Likizo hii mume wangu alikuwa na neno moja tu mdomoni: twende. Hatujamaliza kunawa mikono kwenye mgahawa wa mji mmoja, yeye ameshauliza basi la mji unaofuata linaondoka saa ngapi. Nilikuwa kiguu na njia, viatu vinanibana, na mkobani nilibeba vikopo vya viungo vilivyogongana kila basi lilipoingia shimoni.

Hatukuwa matembezini kwa starehe. Mimi na yeye tunaendesha kantini ya kiwanda cha nguo, na kila msimu wa joto kiwanda hufungwa ili mashine zifanyiwe ukarabati. Kabla ya kufunga, meneja alituita ofisini akatuambia kwa upole, ule upole wa kumtia mtu tumbo joto, kwamba wafanyakazi wamechoka na chakula chetu. Siku ya kufungua angekuja kula mwenyewe. Akikuta kitu kipya cha maana, tunabaki. Akikuta yaleyale, jiko anapewa mpishi mwingine ambaye ameshaomba. Basi tukaamua kwenda kuonja vya wenzetu, mji kwa mji, mpaka tupate kimoja cha kurudi nacho.

Kuonja ni kazi yake. Mimi nina mkono, yeye ana ulimi; ndivyo tulivyogawana tangu tulipooana. Wafanyakazi humwita Ulimi, na jina halikutoka hewani. Akiwa getini anapokea mkaa, anajua wali wangu umeanza kushika chini. Mimi napika, nachota kijiko, nampelekea, kisha nasimama na mwiko mkononi nikisubiri. Akisema sawa, tunapakua. Akisema bado, hata kengele ya chakula iwe imelia, hakuna anayekula.

Mji wa kwanza tulikula samaki wa kukaanga aliyemwagiwa mchuzi mzito wa ndimu na pilipili. Mate yalinitoka kabla sijatafuna. Mume wangu alitafuna polepole huku ananitazama usoni, ananitazama kweli, mpaka nikaona haya. Akasema ni mtamu, lakini twende mbele. Mji wa pili tulipewa nyama iliyofunikwa kwa majani na kupikwa mpaka ikauachia mfupa. Akanitazama vilevile, akasifu, akasema twende. Kesho yake nikapaka wanja. Mwanamke wa umri wangu! Nilijiambia kumbe safari ni dawa, mume amenirudia, na nikajipa raha zangu kimyakimya.

Ila hakuwa anatulia. Aliomba pilipili ya ziada, akaila kwa kijiko kama uji, akangoja kidogo, kisha akaisukuma sahani. Nikimuuliza tuchukue kipi, yule samaki au ile nyama, anajibu kwamba huenda mji wa mbele una kizuri zaidi. Nikamkumbusha kwamba mtaka yote hukosa yote, na likizo haitusubiri. Akacheka cheko la kunyamazisha mtu, akaenda kukata tiketi.

Mji wa nne tuliingia kijimgahawa nyuma ya stendi, meza mbili tu, kinachosifiwa kwa maharage. Mpishi, mama mmoja mcheshi, alikuwa nje anazozana na muuza mkaa, na maharage yakamponyoka. Kijana wa kuhudumia alituletea hivyohivyo; harufu ilinifikia kabla ya bakuli. Hayakushika kidogo; yaliungua ya kumwagwa. Nilijaribu punje mbili, nikaweka kijiko chini, nikafunika uso kwa leso ili kijana yule asinione nilivyokunja sura.

Mume wangu akachota. Akanigeukia kunitazama, akakutana na leso. Akatafuna, akameza, akangoja, leso haikushuka.

"Haya ndiyo yenyewe," akasema. "Haya ndiyo tutakayompikia meneja."

Nikashusha leso. Alipouona uso wangu, kijiko cha pili kikaishia njiani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu yale mafua." Aliinama. "Sisikii chumvi, sisikii harufu, sisikii kitu. Nilidhani huku njiani nitakutana na chakula kimoja cha kuniamsha."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Lile la ulimi lilinitia huruma, mimi si jiwe. Lakini lile la macho lilinichoma. Kumbe siku zote hizi hakuwa ananitazama mimi, alikuwa ananakili jibu usoni kwangu, nami nimejipaka wanja wa bure. Nikamwambia hivyohivyo, kwa sauti ya chini, maana hasira yangu ikiwa kubwa huwa haipigi kelele.

Halafu likanijia jingine, baya zaidi. Mafua yale yalikuwa kabla ya malalamiko ya wafanyakazi. Kumbe miezi yote ile alikuwa anasema sawa kwa kubahatisha, na mimi napakua. Wala sikuwahi kuonja sufuria yangu mwenyewe. Ya nini, wakati ulimi ninao ndani ya nyumba?

Mpishi aliingia mbio, akanusa, akayaondoa yale maharage huku anaomba radhi, akatuletea kuku aliyepikwa kwa karanga, kwenye bakuli moja na vijiko viwili. Mume wangu alilisukuma bakuli lote upande wangu, akakunja mikono kwenye mapaja.

Nikaonja. Nikaonja tena. Karanga zilikaangwa sana, karibu kuwa chungu, na uchungu ule ulimfaa kuku, au nilidhani ulimfaa. Chumvi imetosha? Nilihisi imetosha, kisha nikahisi haijatosha. Nilitamani kunyanyuka na kusema twende, mji wa mbele huenda una kizuri zaidi.

"Ni hiki?" akauliza mume wangu, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Ni hiki," nikasema.

Akaniamini papo hapo, akaenda jikoni kumuuliza yule mama anazikaangaje karanga zake. Nikabaki na kijiko mkononi, nikaonja mara ya tatu, kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kuniambia nimekosea.