Kabla ya Mkasi, Pekua Mifuko

Kina mama wenzangu, mimi si mtu wa kuandika. Niliishia shule ya msingi, na mwandiko wangu mwalimu alisema ni kama kuku amekanyaga wino. Lakini hili lazima niwaandikie, maana yule bibi anarudi mwezi ujao, na najua kati yenu kuna anayejiuliza aende au asiende. Asikurupuke kama mimi.

Mafunzo yenyewe ni ya kushona mablanketi ya viraka. Unakata nguo kuukuu vipande vipande, unaviunganisha, chini unaweka kitambaa na katikati pamba, halafu unashona vyote vitatu vishikane. Mwalimu ni yule anayeonekana kwenye televisheni, tunayemwita Bibi Fumua. Jina hilo kalipata kwa jasho lake. Akiona mshono umepinda hasemi neno. Anatoa kile kichuma chake kidogo cha kufumulia, anaufumua mbele ya darasa zima, kisha anakukabidhi uzi mkononi kama chenji.

Nilitaka kwenda kwa sababu moja tu. Kitindamimba wangu alikuwa amemaliza uuguzi, na baada ya miezi miwili angehamia hospitali ya milimani, kwenye baridi ya kugonganisha meno. Nilitaka alale chini ya kitu nilichokishona mimi. Blanketi la dukani linakupa joto, basi. Halikuulizi kama umekula.

Ila nilikuwa naogopa. Wiki nzima nilijiandikisha na kujifuta mdomoni tu, kabla sijagusa kalamu. Mume wangu, ambaye ni kinyozi, alinichoka.

"Mama Wasiwasi," akaniambia, "mimi kila siku nashika wembe kwenye shingo za watu, wewe unaogopa sindano?"

"Shingo zako hazijawahi kukucheka."

Binti naye akadakia kutoka jikoni, "Mama, nenda bwana! Akikufumua utashona tena. Kwani uliponisuka nywele zikaenda upande ulikuwa hufumui?"

"Nilifumua nyumbani kwangu. Si mbele ya watu thelathini."

"Haya, basi nitajifunika gazeti huko milimani."

Mtoto ana maneno huyo! Nikaenda kujiandikisha siku hiyohiyo, viatu havijafungwa vizuri.

Huko nikapewa karatasi: siku ya kwanza kila mtu aje na nguo moja ambayo hawezi kuivaa tena wala hawezi kuitupa. Nilijua hapohapo ni ipi. Kwenye sanduku langu kuna gauni la manjano, la binti yangu alipokuwa na miaka mitatu, lenye kola kama petali na doa la wino mgongoni. Miaka ishirini nalikunja na kulikunjua. Kulitia mkasi wakati yuko mbioni kuondoka niliona kama namkata yeye mwenyewe. Nikalirudisha chini kabisa, nikaweka mashuka juu yake.

"Chukua suruali yangu kuukuu ya kijivu," mume wangu akasema. "Ile inayong'aa matakoni. Siwezi kuivaa mbele za watu, na kuitupa umenikataza mwenyewe. Masharti yametimia."

Nikafurahi kama mwanafunzi aliyepewa majibu ya mtihani. Nikaitia mapema kwenye mfuko wangu wa kubebea vifaa.

Sasa hapa ndipo nawaonya. Jumamosi asubuhi nilifungua ule mfuko kuhakikisha mkasi upo. Ulikuwepo. Nikafunga. Nikafungua tena kuhakikisha miwani. Mara ya nne nikamwaga kila kitu juu ya meza ya kupigia pasi, nikahesabu, nikarudisha harakaharaka nisichelewe. Na pale mezani palikuwa na suruali nyingine ya kijivu.

Bibi Fumua alikuwa mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuona uzi gizani. Akatuambia, "Kateni. Msifikiri. Mkifikiri mtabaki na nguo." Nikakata mguu wa kushoto kuanzia pajani, kra, kra, kra, bila kusita hata kidogo! Nilipofika kwenye mfuko nikahisi kitu laini. Nikavuta. Leso ya kufutia jasho, nyeupe, imekunjwa pembe nne.

Mume wangu haweki leso kwenye suruali kuukuu. Anaweka kwenye suruali ya mahafali. Na mahafali ya binti yetu yalikuwa kesho yake.

Bibi Fumua akaja, akainua ule mguu kama samaki. "Hii imepigwa pasi," akasema.

Nikaeleza yote, mpaka na gauni la manjano nililolificha. Darasa likacheka, mwenzangu wa jirani akalazimika kuvua miwani afute machozi. Ajabu, kuchekwa kwenyewe hakukuuma nilivyodhani. Kulikuwa kama maji ya baridi, kopo la kwanza tu ndilo linaloshtua.

Bibi hakucheka. "Mguu wa suruali sina dawa yake. Nina Jumamosi saba tu. Unakaa au unaondoka?"

Nilikaa. Msinisifu, niliogopa zaidi kurudi nyumbani na ule mguu. Siku hiyo nilifumuliwa mara tatu.

Nyumbani nilimkuta mume wangu kasimama mbele ya meza ya pasi na ile suruali inayong'aa mkononi. Nikatoa mguu wa kushoto, nikauweka mezani. Akaugeuza huku na huku.

"Na wa kulia?"

"Mzima. Sijaugusa."

"Ahsante. Nitahudhuria nusu."

Binti akaanguka kwenye kiti kwa kicheko. "Baba, vaa hiyohiyo ya zamani. Usimpe mtu mgongo tu."

Ndivyo alivyofanya. Mahafali yote mzee wa watu alitembea akiambaa na ukuta. Wageni wakimsalimia alirudi kinyumenyume kama dereva wa lori. Kwenye picha zote yuko na ukuta, sura ya heshima kabisa. Lakini jina la binti yetu lilipoitwa alisahau kila kitu. Alitimua mbio katikati ya ukumbi, akiruka na kupunga leso yake, na nyuma kunang'aa kama sinia. Watu mia tatu wakaona. Wala hakujali.

Nilimtazama nikajiambia, huyu anayavumilia haya kwa ajili ya mtoto wake, mimi gauni la mtoto huyohuyo linanishinda?

Jumamosi iliyofuata nilikuja na gauni la manjano. Safari hii nilikata polepole, hilo nakiri. Bibi Fumua alisimama kando yangu mpaka nilipomaliza kola, akaenda zake. Siku ya mwisho alipitisha kidole kwenye mishono yangu yote, kichuma kikiwa tayari. Akakirudisha mfukoni.

Blanketi lina kijivu na manjano, na doa la wino liko katikati. Mfuko wa ile suruali nzuri sikuufumua, niliushona juu yake mzimamzima, unaingia mkono. Humo niliweka leso ya baba yake na karatasi ya mambo ishirini na mawili ya kuangalia, kuanzia kufunga mlango mpaka kutolala na nywele mbichi.

Alipiga simu usiku wa kwanza. "Mama, nimeisoma karatasi yako. Kuna baridi huku, sikia!" Akagonganisha meno kwa makusudi. "Lakini mkono mmoja uko mfukoni kwa baba."

Basi, kina mama, nendeni. Mtafumuliwa, mtacheka, mtashona tena. Nguo pakieni mara moja tu, fungeni, msiirudie. Na kabla ya mkasi, pekueni mifuko.

Mimi nimejiandikisha tena. Mume wangu keshahamishia suruali zake zote nzuri kwenye kibanda chake cha kunyolea.