Tairi za Nyuma za Gaudensi

"Leonia, hivi na gari nalo hupakwa mafuta kama mtoto mchanga?"

Hilo ndilo swali aliloulizwa siku moja na jirani yake Anifa, aliyekuwa amesimama kwenye upenyo wa ua na sahani ya mihogo mkononi. Leonia alicheka tu, akaendelea na kazi yake. Kila Jumamosi, akishamaliza rozari, alikiteremsha kabatini kigari cha rimoti cha marehemu mumewe, akakifuta vumbi, akachovya kitambaa kwenye mawese na kuzisugua tairi mpaka zikameta. Mungu hakuwajalia mtoto, yeye na Gaudensi. Wacha Anifa aseme.

Gaudensi alipofariki, kigari kilimwangukia mdogo wake Vedasto, fundi pikipiki wa pale Ujiji. Walikubaliana kilale kwa shemeji, naye awe anakuja kukichukua Jumapili jioni kwenda mashindanoni. Enzi za Gaudensi kilikuwa kinang'ang'ania kona kama kupe. Kwa Vedasto, kila kikiingia kona mkia unatangulia mbele, kinageuka na kutazama kilikotoka. Vijana wakakibandika jina: Bibi Harusi, maana hata kabla hajafika kwa mume keshageuka kutazama kwao.

Vedasto hakulala. Aliweka springi laini nyuma. Akamwaga oili ya shokapu, akatia nyepesi. Akaisogeza betri kisogoni ili uzito uzikalie tairi zinazosukuma. Jumapili ikifika, Bibi Harusi ni yule yule.

"Shemeji, nimenyoosha mikono," alisema mwishowe. "Leo Heritier anakuja kununua mota na shokapu za kigari. Bodi nakuachia, uweke kumbukumbu."

Kwa Leonia, mlio wa mota ile ndio ulikuwa sauti pekee ya mumewe iliyobaki katika ua ule. Wakiing'oa, kitakachobaki ni jeneza la pili.

Heritier, fundi simu ambaye kwao ni ng'ambo ya ziwa, alifika asubuhi na mkoba wa bisibisi.

"Mama Leonia, jambo sana. Ile moteri iko tayari?"

"Kaa kwanza unywe chai, mwanangu. Vedasto, kizungushe mara ya mwisho nikione."

Vedasto akakizungusha kwenye ua uliofagiliwa. Kilipofika penye kinu, mkia ukaruka, kigari kikabiringika na kulala chali miguuni pa Leonia, magurudumu yakizunguka hewani. Akainama. Tairi zilikuwa zimegandwa na vumbi pande zote, kama dagaa waliogaagazwa kwenye unga tayari kwa kukaangwa.

Swali la Anifa likamrudia. Angeweza kunyamaza, hapana aliyejua ila Anifa. Lakini angenyamaza, mota ingeondoka.

"Vedasto, tairi hizi huwa nazipaka mawese."

"Unazipaka nini?"

"Mawese. Kila Jumamosi. Zing'ae."

Vedasto akashika kichwa. "Shemeji! Mimi nakesha na bisibisi, kumbe wewe unaniungia tairi mchuzi!"

"Nilimuuliza mimi!" Anifa akapaza sauti toka upande wa pili wa ua. "Akanicheka!"

Leonia hakuyajali. Alichemsha maji, akazisugua tairi kwa brashi na sabuni ya mche mpaka mpira ukawa mweusi mkavu, usio na mng'ao hata kidogo. Wakajaribu tena. Safari hii mkia ulishika ardhi kama uliopigwa msumari, ila pua ikakataa kukunja. Kigari kikapitiliza kona, kikaingia moja kwa moja kwenye banda la kuku.

Heritier akacheka mpaka chai ikamwagika. "Kwanza ilikuwa inageuka yenyewe, sasa haigeuke kabisa! Leta moteri, rafiki."

"Ngoja," Vedasto akasema, akikitoa manyoya. "Dawa zote nilizokuwa nampa mkiani ni za ugonjwa wa mawese. Mawese yametoka, dawa imezidi." Akachuchumaa, akaanza kuyarudisha yote nyuma: springi ngumu za kaka yake, oili yake nzito. Alipofika kwenye betri akasita. "Hii aliiweka wapi?"

Leonia akagusa kwa kidole mahali ambapo rangi ya bodi ilikuwa haijapauka. "Hapo. Jua halijawahi kupafika, betri ilipafunika."

Betri ikakaa hapo. Vedasto akavuta rimoti. Kigari kikakiendea kinu kwa kasi, kikakunja, kikatifua vumbi jembamba, mkia ukafuata pua kwa adabu. Kikazunguka tena, na tena, mota ikiimba. Leonia akafanya ishara ya msalaba bila kuuinua sana mkono.

Kiliposimama, Heritier alikiinua, akapitisha kidole kwenye tairi ya nyuma, akakinusa kidole. Akamtazama Vedasto, akamtazama Leonia. Akakirudisha kigari chini taratibu, akakunja mkoba wake wa bisibisi, akatoka bila mota.