Biriani ya Nusu Bei

Kampuni ya kupeleka chakula ilimtuma kwangu kijana aitwaye Lennox, mpole, shati limepigwa pasi, tableti kwapani. Mimi Quresh nina mkahawa mtaa wa Kuze, katika kichochoro kisichoingia gari, na mtu akija na adabu zake humpa chai kabla sijamwuliza shida yake. Alikunywa vikombe viwili. Akanieleza kwamba wateja wa siku hizi hawatembei, wanabonyeza simu na boda anawapelekea mlangoni, na kwamba biriani yangu itafika Mbaraki, upande wa pili wa kisiwa chetu, ikiwa bado ya moto. Nikamwuliza wenye kampuni wanakula wapi katika habari hiyo. Akasema ni kamisheni kidogo tu.

Kidogo hicho kilikuwa karibu thuluthi ya kila sahani. Nikameza, maana nilikuwa nimeshatia sahihi, na tableti ameshaniachia. Bei sikupandisha. Lennox alinishauri niweke bei nyingine kwenye simu, ya juu, nikamwambia biriani ni ile ile na sufuria ni lile lile, sitamuuzia mtu wa Mbaraki bei yake na jirani bei yake. Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa asiyetaka dawa.

Siku yangu kubwa ni Ijumaa. Tangu enzi za marehemu baba, wanaume wa mtaa wakitoka msikitini hupita kwetu kula biriani katika sinia, watu wanne kwa sinia moja, na sinia haliteremki mpaka wanne watimie. Aliyekuja peke yake hukaa barazani akingoja wenzake, na katika kungoja huko watu wamepatanishwa, wameposa, wameuziana viwanja. Sinia la kwanza ni langu mimi na Khubaib. Khubaib alikuwa fundi wa saa, tumesoma chuo kimoja cha Kurani tukiwa watoto, na tangu mkewe afariki hicho ndicho chakula pekee cha wiki anachokula na watu. Wawili waliobaki huwa yeyote atakayetangulia.

Basi wiki moja tableti ikalia, nikaona ujumbe una rangi zote za harusi: kampuni inawaalika wateja wangu kula kwa nusu bei kila Ijumaa, nibonyeze kukubali. Nikabonyeza. Nikawaombea dua. Kwetu mtu akialika watu, yeye ndiye mlipaji, hilo haliulizwi. Ukimwalika mgeni katika mkahawa wangu kisha ukaniachia mimi gharama, utakuwa umenitukana. Nikadhani wenye kampuni wamepata faida wanataka thawabu.

Ijumaa hiyo sitaisahau. Tableti ililia tangu asubuhi kama mtoto mwenye msokoto wa tumbo. Maboda walijaa kichochoroni na kofia zao, kila mmoja anataka mfuko wake sasa hivi, kwa sababu simu inamhesabia. Mejumaa, mpishi wangu, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikimbia, alikimbia.

"Bwana Quresh, hawa watu wako wataka kuniua," akaniambia. "Wali wesha, na oda bado zaja."

Ndani ya tableti hakuna sinia. Kuna sahani ya mtu mmoja tu, na nusu bei ni ya hiyo sahani. Watu si wajinga. Wawili waliokaa baraza ya mbele yangu, nawaona kwa macho yangu, walitoa simu wakaagiza pale pale. Boda akaingia, akachukua mfuko mezani, akageuka akawakabidhi. Hakuwa amevuka hata mtaro. Nilicheka, wallahi, nikaona ni kioja cha kuwasimulia watu.

Kisha msikiti ukatoka. Wazee wakaja kama kawaida yao, Khubaib mbele, wakakuta mabaraza yamejaa mifuko na maboda. Nami mikono yangu ina mafuta, tableti inalia, mtu wa Mbaraki anapiga simu kuuliza chakula chake kiko wapi. Nikawaambia, "Jamani, leo agizeni mkiwa majumbani mwenu, mtaletewa." Wakasema sawa, haina neno. Wakaondoka polepole.

Ijumaa tatu zilipita hivyo. Kisha kampuni ikaniletea hesabu. Kumbe nusu ile yote ilikuwa imetoka mfukoni mwangu, na katika nusu iliyobaki wao wamekata kamisheni yao, tena kwa bei kamili. Nilikuwa nimeulisha mji mzima na deni la mchele juu. Nikampigia Lennox.

"Mzee, ofa ni yako," akasema. "Sisi twakutangazia tu."

"Ninyi ndio mlioalika."

"Ni matangazo, mzee. Hakuna anayechukulia hivyo."

Mimi nilichukulia hivyo. Kuze nzima ingechukulia hivyo. Nilikata simu kabla sijasema neno la kunitia dhambini.

Nikaifunga ofa. Usidhani niliponea hapo. Kampuni ikaniteremsha chini kabisa, mtu akitaka kuniona kwenye simu yake lazima apite kila kibanda cha chipsi kisiwani. Wateja nao wakanijia juu. Mama mmoja wa Mbaraki alinipigia akasema nimekuwa mroho, nimepandisha bei maradufu. Kumbe kampuni ilikuwa ikimtoza ya kupelekewa, na ya huduma, na nyingine hata jina sikulielewa, huku mimi ikinikata thuluthi yangu. Yaani inakula huku na inakula kule. Nilimwambia sijaongeza hata shilingi. Hakuniamini, na ningekuwa yeye nisingeniamini.

Nilikasirika mpaka usingizi ukaniruka. Asubuhi nikaizima tableti nikaifungia kabatini.

"Sasa turudi kwenye masinia yetu," nikamwambia Mejumaa.

Mejumaa alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Masinia yataka watu, Bwana Quresh. Ijumaa iliyopita nimeteremsha moja, na waliokula walikuwa wapita njia. Mimi nakwambia kwa uzuri: Ijumaa hii wazee wasipokuja, tuache. Tupakie maboksi kama wenzetu, angalau tujue twapika cha wangapi."

Nikamwambia watakuja. Watu waliokula nami miaka yote hii hawawezi kunibadilisha kwa nusu bei. Nikamwambia alipange sinia la kwanza kama desturi, kwa ajili yangu na Khubaib, nyama ya paja, masala mazito, kachumbari pembeni.

Ijumaa ikafika. Nilifagia baraza mwenyewe. Msikiti ulipotoka nikasimama mlangoni na birika la kunawisha, najihisi kama bwana harusi. Wakapita. Wakanisalimu vizuri, wakaniuliza hali, wakaulizia watoto, wakashika njia zao. Mmoja akasema mkewe amepika. Mwingine akasema tumbo. Khubaib sikumwona, na nikajipa moyo kwamba amechelewa msikitini na watu.

Sinia lilikuwa tayari mezani, limefunikwa kawa. Mimi sijatia kitu mdomoni tangu alfajiri, kwa sababu Ijumaa hula na Khubaib au sili.

Ndipo akaja boda mmoja, kijana, amebeba mfuko wenye jina la mkahawa mwingine wa huko Mbaraki. Chini ya jina limechapwa lile neno: nusu bei.

"Salaam aleikum, mzee. Mimi Chonga, naleta oda," akasema. "Samahani, nyumba ya Khubaib, yule wa saa, ni ipi? Hii ramani yanizungusha tu."

Nilitaka kumwambia simjui. Nilitaka kumwelekeza Ndia Kuu akapotelee huko mpaka ule wali ugande. Lakini Kuze mgeni akiuliza nyumba haonyeshwi kwa kidole, anapelekwa. Nikaweka birika chini, nikampeleka.

Khubaib alifungua mlango akiwa na kikoi na fulana. Aliutazama mfuko, kisha akanitazama mimi. Akaupokea kwa mikono miwili. Simu ya Chonga ilikuwa imeshalia oda nyingine, akashukuru akaondoka mbio, akatuacha tumesimama.

"Khubaib, mimi nakungoja na sinia," nikasema. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Sikujua kama bado wanipikia."

"Kwani lini niliacha? Au ni nusu bei ya hawa? Wewe nawe?"

"Bei siyo." Aliutazama ule mfuko tena. "Ijumaa ile ulituambia tuagize tukiwa majumbani."

"Nilisema kwa sababu ya nafasi. Uliona mwenyewe, maboda, mifuko mpaka mlangoni, pa kukaa hakuna."

"Najua," akasema, wala hakuwa na hasira. "Hiyo nafasi tulikuwa tumeikalia sisi."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na habari ya Lennox, na ya kamisheni, na ya mama wa Mbaraki, na yote ni kweli tupu, na nilikuwa nimeyapanga kumsimulia juu ya sinia ili anionee huruma. Hakuna hata moja lililofaa kusemwa pale mlangoni.

"Karibu tule," akasema Khubaib.

Nikavua viatu nikaingia. Akafungua boksi, kidari kimoja cha kuku na wali wa mtu mmoja, akalisukuma katikati ya mkeka. Tukanawa. Wali ulikuwa umepoa na chumvi imezidi, na kila mmoja wetu alikuwa akimwachia mwenzake nyama.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Mejumaa, anauliza wanne wametimia au alifanye nini sinia. Nikamwambia, wali wa watu ukiwa mdomoni, aligawe kwenye maboksi.