Fyuzi ya Mchawi

Kwa miaka miwili fundi umeme alikuwa akiwacheka. Kila Jumamosi mchana mkewe, mwalimu wa hesabu, alitandaza karatasi mezani; dada yake mkutubi akaja na mfuko wa dadu; kisha mfamasia wa nyumba ya pili na mshona nguo wa mtaani wakavuta viti. Watu wazima wanne, na akili zao timamu, wanajifanya wachawi, askari na wezi, wanapigana na majitu yasiyokuwepo! Fundi alipita na bisibisi yake, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Jumamosi moja mshona nguo akashikwa na homa. Kiti kikabaki kitupu.

"Baba watoto, kaa basi," mkewe akambembeleza. "Utamchezea mchawi wake, leo tu."

"Mke wangu mwenyewe ananifanya mchawi mchana kweupe!"

Akakaa, lakini shingo upande.

Shemeji yake, yule mkutubi, ndiye aliyeongoza mchezo. Yeye alisimulia safari, yeye aliwasemea maadui, na neno lake lilikuwa sheria. Akamweleza: mchawi ana kitabu chake cha uchawi. Kila asubuhi anachagua maneno matatu na kuyatia kichwani. Akishatamka moja, limekwenda, hana tena mpaka alale aamke.

Fundi akatoa macho. "Limekwenda wapi? Shemeji, mimi nafunga taa mwaka wa kumi na tisa huu. Sijawahi kufunga ya sebuleni nikasahau ya jikoni."

"Chukulia ni dawa," mfamasia akasema. "Asubuhi umetengeneza chupa tatu. Ukimnywesha mgonjwa moja, zimebaki mbili. Hujasahau kuitengeneza, ila chupa ndiyo imekwisha."

Mkewe akadakia kwamba kuna wanaocheza kwa hesabu: mchawi anaamka na nguvu kumi, moto mdogo unakula mbili, mkubwa unakula tano.

"Hiyo sasa ni mita ya tokeni," fundi akasema, na bila kujijua akavuta kiti karibu na meza. "Lakini nguvu haiko hivyo. Nguvu ipo tu ukutani, tele. Swali ni waya wako unabeba kiasi gani. Mwacheni mchawi atamke apendavyo, ila kila akiongeza, waya unapata moto. Akizidisha, fyuzi inaungua."

Wakatazamana. Mkutubi akachukua kalamu. "Neno la kwanza bure," akaandika taratibu. "La pili, dadu ya pande ishirini ivuke tano. La tatu, ivuke kumi. La nne, ivuke kumi na tano. Isipovuka, uchawi unakurudia mwenyewe. Tujaribu leo, shemeji. Ukiungua, usinililie."

Safari ikawafikisha kwenye daraja jembamba lililolindwa na jitu la mawe. Fundi akarusha moto, lile neno la bure. Akarusha radi: dadu ikabingirika, kumi na mbili. Akarusha barafu: kumi na nane! Akapiga meza, vikombe vikaruka. Jitu likapasuka bega lakini halikuanguka. Likamwangusha askari aliyechezwa na mfamasia kwa pigo moja, likamkamata mchawi kiunoni na kumning'iniza juu ya korongo.

"Usitamke tena," mkewe akamwonya. "Una nafasi moja kati ya nne."

"Natamka."

Dadu ya pande ishirini ikazunguka, ikagonga sahani, ikasimama. Tatu.

Mfamasia akafunika uso. Mkutubi akatabasamu kwa ukatili wa kirafiki. "Fyuzi imeungua. Nguvu yote inapita mwilini mwako. Nyusi zimekwenda. Sauti imekwenda, hutamki neno siku tatu."

"Sawa, nimekubali," fundi akasema. "Ila nauliza, jitu bado limenishika?"

"Limekushika barabara."

"Basi limekwisha! Shemeji, umeme hauchagui. Ukimshika mtu aliyenaswa, umenaswa naye!"

Mkutubi akaitazama karatasi, akamtazama fundi, kisha akaangua kicheko mpaka miwani ikamtoka. Akaokota dadu, akairusha kwa niaba ya jitu kuona kama litahimili. Moja. Likatetemeka, likaporomoka korongoni kipande kipande, na mchawi akadakwa ukosi na mwizi aliyechezwa na mkewe.

Wakashangilia hadi jirani akagonga ukuta.

Mshona nguo alipopiga simu kuuliza habari za mchawi wake, simu ilizunguka meza nzima, kila mtu akimsukumia mwenzake, mpaka ikamfikia mwenye makosa.

"Mzima kabisa," fundi akasema. "Hana nyusi tu. Na hasemi."

Makelele yaliyotoka simuni yalionyesha kuwa homa imeanza kupungua.

Jioni fundi alikuwa jikoni akifuta vyombo, mkewe akiosha.

"Lakini," akaanza, sahani mkononi, "kama wachawi wangekuwa wawili, wakagawana mzigo…"

"Futa sahani, baba watoto."

"Nafuta. Nasema tu, wawili."