Mbuzi Aliyekataa Kujikung'uta

Mume wangu Sudalai hana baya, ila mdomo. Angeunyamazisha pale kwenye kibanda cha chai, yale ya hekaluni yasingetukuta. Lakini alikwisha kuwatangazia watu kwamba vipuli vya mtoto wa dada yake vimetoka duka kubwa la Tirunelveli, lile lenye milango ya kioo na mlinzi wa kupiga saluti, na kwamba vina muhuri wa dhahabu safi.

Vipuli vile havikuona kioo wala saluti. Vilikuwa vipini vya pua vya marehemu mama mkwe, dhahabu ya kweli ya zamani, vikayeyushwa na sonara mmoja nyuma ya stendi ya mabasi. Muhuri hakuna. Nilimwambia, "Sema tu ni dhahabu ya mama yako, aibu iko wapi?" Akasema mjomba wa kuyeyusha vya zamani anaonekana kafulia. Haya.

Na kwetu mjomba ndiye mwenye siku. Mtoto hutobolewa masikio akiwa amepakatwa na kaka wa mama yake, kwa dhahabu aliyoileta yeye. Dhahabu ikikataliwa, na mapaja yamekataliwa. Sudalai ana dada mmoja tu, Isakki, na Isakki alizunguka mahekalu miaka mingi kabla ya kumpata huyu Selvi. Kwa hiyo siku ile mume wangu alivaa shuka jipya jeupe akakataa kukaa popote lisije likakunjika kabla mtoto hajalikalia.

Tulifika kwenye hekalu la ukoo kwa ngoma, na masinia ya ndizi na nazi, na mbuzi wa nadhiri, mweusi, kavishwa taji la maua shingoni, ana uso wa mwenye nyumba aliyefuata kodi. Vipuli vilikuwa juu ya jani la tambuu kwenye sinia alilobeba Sudalai mwenyewe. Mlangoni alisimama Vadivu.

Vadivu ni dada mkubwa wa baba yake Selvi, na kwenye pochi yake anatembea na lenzi ya kukagulia dhahabu kama wenzake wanavyotembea na leso.

"Shemeji, karibu," akasema. "Kila kizuri kina muhuri wake. Dhahabu ina wake, na mtu ana wake. Muhuri wa mtu ni neno lake. Neno lako limefika mpaka kwetu. Sasa lete na ule mwingine niuone."

"Dada Vadivu, hata maji hatujanywa."

"Maji hayafuti muhuri. Lete."

Sudalai alianza kulishusha sinia polepole, kama bibi harusi anayewapelekea wakwe chai. Alilishusha polepole mno. Mbuzi akanyoosha shingo, akalichukua lile jani pamoja na vilivyokuwa juu yake, akatafuna kidogo, akameza.

Mpiga ngoma hakuona, akaendelea kupiga.

"Mbuzi huyu si wa kuchinjwa leo?" Vadivu akauliza.

"Ndiye," akajibu mzee kuhani.

"Basi achinjwe sasa hivi."

"Mpaka mungu akubali, binti yangu."

Akammwagia maji ya manjano mgongoni. Mbuzi akijikung'uta, mungu kakubali. Asipojikung'uta, hakuna wa kumgusa. Huyu alisimama tu, maji yanamchuruzika tumboni. Akaongezewa kopo jingine. Akafumba macho kama anayeoga.

Nilimtazama mume wangu, midomo inamcheza. Mimi ninayelala naye mkeka mmoja nilijua anaomba nini: asijikung'ute. Upande wa pili Vadivu naye anaomba kinyume chake. Mungu wetu siku ile alikuwa na kazi.

Mara Vadivu akainama, akampulizia mbuzi sikioni.

"Kumtekenya hairuhusiwi," kuhani akasema.

"Simtekenyi. Namkumbusha."

Wapishi wakaja kuuliza biriani itapikwa na nyama ipi. Saa njema ya kutobolea ilikuwa inakwisha. Ndipo Vadivu alipotoa kijaluba kwenye pochi.

"Mimi nina vipuli vyangu, muhuri wake unaonekana hata bila lenzi. Mtoto apakatwe na mume wangu, mambo yaishe."

Sudalai akalitazama lile shuka lake jeupe. Nikamwonea huruma.

"Havina muhuri," akasema. "Si vya duka. Ni vipini vya mama. Alikufa hajamwona Selvi, nikataka mtoto avae kitu cha bibi yake. Ya duka niliongeza mwenyewe."

"Jana uliapia duka, leo unaapia marehemu," Vadivu akasema. "Niamini kipi?"

Kusema kweli hata mimi ningeuliza hivyohivyo. Hapo mbuzi akalala chini, akatulia, akaanza kucheua.

*Kach.*

Sote tukageuka. *Kach,* tena. Kuhani akakinga kiganja chini ya kidevu. Kikaanguka cha kwanza, na baada ya muda, na mate mengi, kikafuata cha pili.

Vadivu akavisuuza, akavifuta kwa pindo la sari, akaweka lenzi jichoni. Akaangalia sana. Muhuri hamna. Palikuwa na alama za magego tu, zimezama, na ndani yake rangi ileile ya nje.

"Shaba ingemvunja jino," akasema taratibu. "Ya kupakwa ingebanduka. Bibi yangu alikuwa anaipima dhahabu kwa kuing'ata hivihivi." Akamgeukia mume wangu. "Neno lako, shemeji, bado ni la shaba. Lakini hii ni dhahabu. Kaa chini unyooshe mapaja."

Selvi alipiga kelele ya kuamsha ukoo mzima, na Sudalai akalia kumzidi, na shuka likalowa kwa namna ambayo hata likifuliwa doa halitatoka. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Hapo ndipo mbuzi alipoinuka, akajikung'uta kuanzia pembe mpaka mkia, maji ya manjano yakaturukia sote. Kuhani akashika panga, kisha akamtazama Vadivu. Sote tulimtazama.

Vadivu akafuta tone kwenye lenzi yake.

"Nzi," akasema. "Nimemwona kwa macho yangu. Nzi alimtua mgongoni."

Tulikula biriani ya mbilingani. Mbuzi alipewa jani jingine la tambuu, tulipokwisha kulikagua pande zote mbili.