Tairi Zilipimwa, Kichwa Hakikupimwa

Ulisikia, usijifanye hukusikia. Jumapili ile ulikuwa jukwaani, uwanja wa mbio za magari wa Coosa Ridge, kuku wa kukaanga mapajani, hedifoni ya kukodi masikioni, umefungulia redio ya mawasiliano ya gari namba 58 kama mashabiki wenzako. Ulimsikia dereva wake, Brodie Causey, akiuliza mara tatu, "Mjomba, tuko mzunguko wa ngapi?" Mara ya tatu ukacheka, ukageuka kumtazama anayeongoza.

Hoyt Lassiter hakucheka. Alikuwa juu ya paa la jukwaa, na ndiye aliyekuwa macho ya mpwa wake. Dereva aliyefungwa shingo kitini haoni ubavuni. Lazima mtu wa juu amwambie kushoto kuna gari, kulia kweupe. Kutoka huko Hoyt alikuwa amemwona Brodie akibamizwa ukutani, gari likazunguka mara mbili, kisha likajikokota lenyewe hadi kwa mafundi.

Hapo ndipo penye uhuni. Kanuni ya chama cha mbio inasema gari likivutwa, dereva aende kwa daktari. Likijiendesha, basi. Kwa hiyo kila timu inajua dawa: lisivutwe! Mafundi walilirukia kwa nyundo na selotepu, wakalirudisha mbioni. Tairi zilipimwa upepo. Kichwa cha mtoto wa watu hakikupimwa.

"Merle," Hoyt alimwita bosi wa mafundi redioni, "mtoe kijana. Hayuko sawa."

"Wewe mzee, kazi yako kutazama magari, si kutibu watu."

"Kaniuliza mzunguko mara tatu!"

"Hata mke wangu huniuliza kitu mara tatu. Nimpeleke hospitali?"

Mafundi wakaangua kicheko. Hoyt akamgeukia kijana redioni.

"Brodie, mwanangu, asubuhi mama yako alitupikia nini?"

Gari likapita mbele ya jukwaa likinguruma, maili mia na tisini kwa saa.

"Mjomba... tuko mzunguko wa ngapi?"

Hoyt alimkumbuka Lamar, shemeji yake, baba wa kijana huyu. Miaka ishirini na sita iliyopita, uwanja huu huu, Lamar aligongwa, akasema anaona kila gari mawili mawili. Hoyt, juu ya paa hili hili, akamjibu, "Basi lipite la kushoto." Watu walicheka, na yeye akacheka kuwazidi. Leo Lamar analishwa kwa kijiko, na humwita mkewe wa ndoa "dada wa posta".

"Merle, nashuka."

"Shuka uone! Hutapanda tena paa lolote nchi hii."

"Brodie, kushoto kweupe. Ingia ndani, mwanangu. Ingia tu."

Akaivua hedifoni, akamkabidhi msimamizi wa chama aliyesimama kwenye mlango wa ngazi. "Namba 58 haina macho," akasema. Gari lisilo na mtu wake juu ya paa la jukwaa haliruhusiwi kukimbia. Msimamizi akatoa amri redioni. Bendera nyeusi, ya kuliita gari litoke mbioni, ikapepea.

Brodie aliingia, akasimama mbele ya mafundi wa timu nyingine kabisa, akazima injini, akawangojea wabadilishe tairi. Hao ndio waliomwita daktari. Damu ilikuwa ikivujia ndani ya fuvu. Mizunguko kumi zaidi, alisema daktari wa upasuaji, na dada yake Hoyt, mama wa kijana, angekuwa anachagua jeneza.

Jumatatu Hoyt akafukuzwa kwa kuihujumu timu. Chama kikatangaza kwamba kanuni zote zilifuatwa. Zilifuatwa! Huo ndio uovu wenyewe.

Jumapili hii magari arobaini yanakimbia tena kwa kanuni ile ile. Una tiketi? Usiende nayo getini. Chukua kalamu, andika juu yake: KILA ANAYEBAMIZWA APIMWE. Kisha ipeleke ofisi za chama kwa mkono wako, uwatake majibu hapo hapo. Nenda leo, kabla injini hazijawashwa.